Bibi wa Dirishani, Njia ya Ngonga

Mimi sijui kutunga. Waliosoma nami sekondari watakwambia insha zangu hazikuwahi kufika ukurasa wa pili. Kwa hiyo usije ukaniambia nina kipaji cha hadithi. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa macho kabisa. Shahidi yupo, mzima, anauza vitenge sokoni Kyela. Kamuulize. Ila atakuomba uongee naye kwa sauti ya chini.

Lazima nianze na runinga.

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na maduka yakajaa vitu ambavyo hatujawahi kuviona, mama yangu mdogo alikuwa akivuka mto Songwe kila wiki kwenda kuuza na kununua upande wa Malawi, kwa kina mume wake. Ndiye aliyeleta runinga ya kwanza mtaani kwetu Mbugani, mjini Kyela. Dishi lake lilikuwa kubwa kuliko mlango wa jikoni. Mimi nilikaa kwake kwa ajili ya shule. Mama yangu mzazi alibaki kijijini Ngonga na mpunga wake. Mama mdogo alikuwa na binti, Tiyamike, sisi tulimwita Tiya. Tulilala kitanda kimoja, tukagombana kila siku, tukapendana.

Jumamosi saa kumi jioni kulikuwa na kipindi cha watoto cha vikaragosi. Sijui kama wewe ulikiona. Wengine nikiwauliza wananiangalia tu. Kulikuwa na dirisha lenye mbao za kijani, na ndani ya dirisha kikaragosi cha bibi mwenye kilemba cha buluu, Bibi Mapokezi. Kila wiki aligongewa na mgeni: leo Mmasai, wiki ijayo Mmakonde, mara Mhindi mwenye duka, mara msichana kutoka Malawi. Siku hiyo Tiya alipiga kelele mpaka akanyamazishwa kwa kofi. Bibi aliwakaribisha wote, akawauliza wanakula nini, wanaimba nini. Mwisho alitugeukia sisi tuliokaa sakafuni, akauliza: "Na ninyi huko kwenu mnasalimianaje?"

Basi tungepasua paa! Tulijibu kwa Kinyakyusa, wote kwa pamoja. *Ugonile!* Neno hilo nakusomea kutoka kwenye karatasi aliyoniandikia Tiya. Sababu utaijua. Na yule bibi aliweka mkono sikioni, akatikisa kichwa, akasema: "Nimelichukua. Nitalitunza."

Kumbuka kwamba shuleni ukisikika unaongea kilugha ulichapwa. Mahali pekee ambapo mtu mkubwa alituomba tuseme lugha ya mama zetu palikuwa pale, mbele ya kioo kile. Unashangaa tulivyompenda? Kipindi kilipokatika bila kuaga, nililia kama nimefiwa. Miaka ilipita, nikawa msichana mkubwa, na bado nilipochoka nilijisimulia vipindi vyake ili nipate usingizi.

Nilikuwa na miaka kama ishirini siku hiyo. Masika ilikuwa imekolea, unaijua mvua ya Kyela. Mimi na Tiya tulikuwa tunampelekea mama chumvi, sabuni na dawa ya kifua. Gari lililotubeba lilikwama kwenye tope, dereva akasema ama tusukume ama tutembee. Tukatembea. Njia ilikuwa tupu, mashamba yamejaa maji pande zote mbili, na mvua ilipoanza upya tukakimbilia ukuta wa nyumba ya matofali ya kuchoma iliyokuwa peke yake kando ya njia. Nyumba hiyo sikuikumbuka, na njia ile nimeipita tangu nikiwa mgongoni. Tulijibanza chini ya kipande cha bati kilichochomoza.

Tiya akanigusa. "Dada, hilo dirisha."

Mbao za kijani. Nilicheka. Nilisema, "Kama la Bibi Mapokezi!"

Dirisha likafunguka.

"Karibuni wanangu. Mvua haina adabu leo."

Jamani, ile sauti! Haikuwa ya kufanana tu, ilikuwa yenyewe. Ile ya kukwaruza kidogo, inayopanda mwishoni kama inataka kucheka. Alikuwa mama mtu mzima, kilemba cha buluu, anaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu. Uso ulikuwa wa mtu, nakuapia. Wazo langu la kwanza halikuwa uchawi. Niliwaza: huyu ndiye aliyekuwa akikipa sauti kile kikaragosi! Kumbe ni mtu wa kwetu, amestaafu, amejenga hapa! Machozi yalinitoka kwa furaha.

"Shikamoo bibi! Ni wewe? Wewe wa kwenye kipindi?"

"Marahaba. Mlikuwa mnanitazama?"

"Kila Jumamosi!"

"Na sasa hamnitazami tena," alisema. "Hakuna anayeniambia kitu tena. Nimekaa tu."

Nilimhurumia. Niliona anavyoinamisha kichwa upande mmoja, vilevile, na nikajisikia nina miaka tisa. Tiya akanivuta gauni. Sikugeuka.

"Na ninyi," akasema, "huko kwenu mnasalimianaje?"

Nikajibu. Nani asingejibu? Nililitoa lile neno kwa sauti yote, huku nacheka.

Mkono ukaenda sikioni. "Nimelichukua."

Nilihisi ubaridi kwenye ulimi, kama umenyonya jani la mnanaa. Basi. Hata sikushtuka.

"Na asante mnasemaje?" Nikamwambia. "Na maji?" Nikamwambia. "Na moto? Na mama, mnamwitaje mama?" Alikuwa anauliza haraka haraka sasa, nami najibu haraka haraka, kama tunacheza. Nilimpa majina ya samaki. Nilimpa wimbo ambao mama alinibembelezea. Kila nilipomaliza neno, alisema limechukuliwa, na mimi nilisikia utamu, nakuambia kweli, utamu wa kusikilizwa.

Hapo katikati nikaona mdomo wake.

Ulikuwa unafunguka na kufumba, lakini haukufuata maneno. Ulipiga tu, paa, paa, kama mfuniko. Na sauti haikutoka mdomoni. Ilitoka chini, nyuma ya ukuta, karibu na magoti yangu. Macho yake hayakuwa yamepepesa hata mara moja tangu dirisha lifunguke. Nilijua huyu si mtu, na bado nikaendelea kujibu. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo kuliko uso wake. Miguu ilitaka kuondoka, ulimi ukawa hautaki.

Tiya alikuwa ameniacha, amezunguka nyumba kutafuta mlango, amwone vizuri huyu mtu. Nilisikia hatua zake kwenye maji. Kisha hatua zikasimama. Kisha nikasikia anapiga ukelele ambao sijausikia tena kwa binadamu. Alitokea pembeni ya ukuta akinikimbilia, akanikamata nywele, si mkono, nywele, akanivuta mpaka nikaanguka kwenye tope.

"Usimjibu! Huyo hana chini! Hana chini!"

Tulikimbia tukiacha chumvi na sabuni na dawa ya mama. Nyuma yetu ile sauti ilikuwa inaita, bado kwa upole, bado inapanda mwishoni: "Na kwaheri? Na kwaheri mnasemaje?"

Jua lilikuwa bado halijazama tulipofika Ngonga. Mama alikuwa mlangoni, ametuona kwa mbali, amekuja na khanga mkononi atufute. Akafungua mdomo kunisalimu kama alivyonisalimu maisha yangu yote.

Sikuelewa.

Nisikilize vizuri. Sikuwa kiziwi. Sauti yake niliisikia, nilijua ni ya mama, nilijua anauliza kitu. Ila maneno yalikuwa kama ya redio ya nchi nyingine. Nilimtazama Tiya, yeye akamjibu mama, na jibu lake pia sikulielewa. Nikataka nimwite mama kwa jina nililomwita tangu nianze kusema. Nilifungua mdomo, hakuna kitu. Nikabaki nimesema, "Mama, shikamoo," kwa Kiswahili, kama mgeni.

Mama hakuwa na Kiswahili zaidi ya kile cha sokoni. Mwanzoni alidhani ni maringo ya mjini. Alikasirika, akaninyima chakula usiku ule. Siku ya tatu alielewa, akakaa chini akaanza kulia. "Wewe nani alichukua?" aliniuliza. "Nani?"

Kesho yake mchana wanaume walikwenda na Tiya. Nyumba waliikuta. Ukuta wa mbele tu umesimama, wa nyuma ulishaanguka, ndani nyasi na maji ya kufika magotini. Tundu la dirisha lilikuwepo, mbao hazikuwepo, wala kile kipande cha bati, wala alama ya bawaba. Wazee wakasema aliyeanza kuijenga alikufa kabla ya kuezeka, na hakuna aliyewahi kulala humo. Zaidi ya hapo hawakujua. Nilimuuliza Tiya aliona nini nyuma ya ukuta. Aliniambia: "Kilemba, uso, mikono miwili. Kisha kitambaa kinaning'inia. Kisha maji. Dada, usiniulize tena." Sijamuuliza tena.

Nilipelekwa hospitali wakapima masikio, wakasema mazima. Niliombewa kanisani usiku na mchana. Nilipelekwa kwa mzee mmoja ng'ambo ya mto, akanitazama ulimi, akarudisha kuku aliyepewa, akasema yeye haliwezi hili. Tiya akaamua kunifundisha kama anavyofundishwa Mzungu, kwa daftari. Mchana ninajifunza maneno kumi, jioni nayasema yote. Asubuhi naamka, yameondoka. Miaka miwili tulifanya hivyo. Madaftari yapo, mwandiko ni wangu, nikiyasoma ni herufi tu.

Miaka kadhaa baadaye mama alishikwa na kile kifua chake vibaya. Tiya alikuwa amevuka mpaka, hakuna wa kunitafsiria ila jirani yetu, mama Gwamaka. Mama alinishika mkono akaanza kuongea. Aliongea muda mrefu, akipumzika, akiendelea. Alinitaja jina. Alicheka kidogo mahali fulani. Alikunja uso mahali pengine, kama anaonya. Halafu akanyamaza, na hakuongea tena.

Mama Gwamaka alikuwa analia. Nikamwambia, "Mama, nakuomba, amesemaje?"

Akajipangusa. "Amesema anakupenda, mwanangu."

Yote yale? Nilimuuliza tena wakati wa matanga, na baada ya arobaini nikamuuliza tena. Kila mara alinijibu hivyohivyo, akitazama pembeni. Sasa na yeye ametangulia.

Kwa hiyo, wewe unayenisikiliza, sikukatazi kukumbuka utoto wako. Kumbuka, cheka, simulia watoto. Lakini siku kile ulichokipenda kikija mbele yako kikiwa hakijazeeka hata siku moja, kikakuita kwa upole, kikataka ukiambie kitu kidogo tu cha kwenu, usiseme neno. Hata salamu. Tembea. Na kama mama yako bado yupo, na ana lugha anayoongea na wewe mkiwa wawili tu, leo hii nenda ukae naye, mwache aongee, umjibu.