Maji ya Tata Wambura

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Kemambo nimevaa viatu vya kisigino kifupi. Nilikuwa nimetoka kwetu Mugumu na barua ya ajira ya ofisi ya maji, na akilini nilishajipangia meza, kiti na dirisha. Mkuu wa kituo, mzee mrefu asiyependa maneno mengi, aliitazama miguu yangu kabla hajaipokea barua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Viatu hivyo mwachie mama mwenye nyumba. Kesho unaingia mtoni."

Kazi yangu, ninyi vijana mnaoanza sasa, iliitwa upimaji wa mtiririko. Kila mwezi tulishuka Mto Mara kwa mtumbwi, siku tatu, upande mmoja Tarime, upande mwingine Serengeti, tukipima maji kwenye vituo tisa. Tulivusha kamba yenye mafundo toka ng'ambo hadi ng'ambo. Kwenye kila fundo nilishusha timazi, ile risasi nzito iliyofungwa uzi, nijue kina. Kisha nilizamisha mita ya mkondo, chombo chenye pangaboi dogo linalozungushwa na maji. Unahesabu mizunguko huku unatazama saa, ndipo unajua mto unakimbia kwa kasi gani.

Lakini hesabu zote hizo zilimtegemea mtu mmoja, mpiga kasia wetu, Wambura. Nilimwita tata, kama tunavyomwita baba kwa Kikurya, ingawa yeye alikuwa Mwikoma. Kesho yake asubuhi alinikalisha mbele ya mtumbwi, akaniambia nisisimame hadi aniruhusu.

Chini ya kituo mto unapita juu ya mawe. Si maporomoko ya kutisha. Maji yanakimbia, yanarukaruka, kisha yanatulia. Mimi nilishika kingo za mtumbwi kwa mikono miwili.

"Binti, unaogopa maji yenye kelele," Tata Wambura alisema nyuma yangu. "Hayo yanakuonyesha jiwe lilipo. Ogopa yaliyonyamaza."

Baada ya mawe, mto unapanuka na kuingia kwenye mafunjo marefu kuliko mtu, na katikati ya mafunjo kuna viziwa, maji yaliyo wazi na tulivu. Kufika huko unafuata vijia vya maji ambavyo viboko huvifungua na majani huvifunga. Tata alivijua kwa rangi ya maji tu. Sikuwahi kumwona akirudi nyuma kutafuta njia.

Nilifanya naye kazi miaka sita. Baadaye nilihamishiwa Mugumu ofisini, nikapata ile meza niliyoitaka, nikaolewa, nikazaa. Niliporudishwa Kemambo nilikuwa fundi sanifu mwandamizi, na mkuu wa kituo alikuwa mpya, mhandisi mdogo kwangu kwa umri. Tata Wambura bado alikuwa kwenye kasia.

Safari ya kwanza baada ya kurudi, aliniuliza, "Bhoke, majani ya ukingo wa kushoto yameinama?" Nikamjibu. Mbele kidogo akauliza tena, kama mtu anayepiga soga. Tulipofika kwenye mawe, mtumbwi ulikwaruza jiwe kwa nguvu, ukalala upande, maji yakaingia hadi magotini. Tulijiokoa kwa kuegemea upande wa pili. Tulipofika kwenye maji tulivu nikageuka. Alikuwa ananitazama, lakini macho yake yalitua pembeni ya uso wangu.

"Tangu lini, tata?"

Aliweka kasia magotini. "Msimu wa pili huu. Mugumu hospitali wamesema ni presha ya macho. Nuru haitarudi." Kisha akasema, "Usimwambie mhandisi. Nikitoka mtoni nitakuwa nani?"

Sikulala vizuri wiki ile. Mtu huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Lakini mtumbwini tungekuwa wawili, na siku nyingine angekuwa na mtu mwingine, mwenye watoto wanaomsubiri nyumbani. Jumatatu nilikwenda kwa mhandisi, nikamweleza yote.

Hakupandisha sauti. "Mama Bhoke, siwezi kumwachia kasia. Unalijua hilo."

"Nalijua. Naomba safari moja ya kuaga. Kasia nitashika mimi."

Alifikiri, akakubali, kwa sharti kwamba tuvae maboya.

Tata Wambura alikataa kuongea nami mwezi mzima. Nikimwamkia, aliitikia na kuendelea na njia yake. Kisha asubuhi ya safari nikamkuta amekaa tayari mbele ya mtumbwi, mahali pangu pa zamani, ameshafunga boya.

Tulipokaribia mawe aliinua mkono. "Sikia. Kulia kumenyamaza. Shika kushoto." Nikashika kushoto. "Usipigane na mto. Uachie." Tukapita bila hata kulowa.

Kiziwa cha pili tulikifikia adhuhuri. Niliacha kupiga kasia, mtumbwi ukasimama wenyewe.

"Niambie unachokiona," alisema.

Nikamwambia. Yangeyange, wale ndege weupe, wamejaa juu ya mafunjo kama nguo zilizoanikwa. Fisimaji mmoja amelala chali anakula samaki. Maua ya zambarau yamechanua upande wa Serengeti. Alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama, na kila nilipodhani nimemaliza alisema, "Na nini tena?" Nikaanza upya. Mwishowe akapapasa nyuma, akaupata mkono wangu juu ya kasia, akaushika.

"Ulifanya vizuri kusema," alisema. "Basi, twende."

Mimi nami nimestaafu, ninaishi Turwa, nalima mboga. Kituo sasa kina chombo kinachotuma vipimo chenyewe hadi ofisini, na sisemi ni vibaya. Ila mkipata nafasi, shukeni na mtumbwi mara moja mkayaone maji mnayoyaandika.

Mwaka jana tulimzika Tata Wambura. Baada ya mazishi mjane wake alinisogelea, akiwa na wajukuu wawili wakubwa wenye mashaka usoni.

"Mama Bhoke, hawa hawaamini. Babu yao aliwasimulia kila mara ndege weupe aliowaona siku yenu ya mwisho, wengi hadi mafunjo yameinama. Wanasema alikuwa haoni tayari."

Niliwatazama wale vijana.

"Aliwaona," nikasema. "Tuliwaona wote wawili."