Masizi Kwenye Shaba

Niliambiwa nisiguse ile mashine, na mimi tangu utoto, nikiambiwa usiguse, mkono huwa umeshafika. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, kwenye kiwanda kidogo cha jinzi huko Xintang, mwendo wa basi kutoka Guangzhou mjini. Nilikuwa nimetoka Arusha kuchukua suruali za kiume, zile nzito, za kuuza jumla. Nilipoinua ya kwanza na kuipeleka dirishani, nikaona kifungo cha shaba cha kiunoni kina ufa mwembamba kama unywele. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu nilikisukuma kifungo kwa dole gumba, kikang'oka na kipande cha kitambaa juu.

Safari iliyotangulia nilikuwa nimenunua mzigo wa Shahe, soko la nguo la hukohuko Guangzhou, wa bei poa, bila kukagua, na vifungo vikawadondokea wateja hadharani. Mmoja alitembea ameshika suruali kwa mikono miwili kutoka stendi hadi dukani kwangu, akinitukana njia nzima. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, akaitisha kikao cha ukoo na kutangaza kwamba China si ya mwanamke: aende yeye, mimi nibaki kupanga nguo kwenye rafu. Alikuwa ameshapiga picha za pasipoti, kavaa tai ya kuazima. Wazee wakaniachia safari moja tu. Vifungo vikidondoka tena, duka na safari vyote ni vya shemeji. Kwa hiyo nilijua vizuri nilichoshika mkononi pale dirishani.

Mwenye kiwanda, ambaye sisi wanunuzi wote tulimwita laoban, yaani bosi, alikuja na sigara yake mdomoni. Dalali wangu, mtu mzima wa Kariakoo aliyejua Kichina cha sokoni, alimweleza. Laoban akachukua suruali nyingine, akajaribu kukizungusha kifungo. Hakikucheza.

"Dada, anasema kimekaza vizuri. Anasema ndiyo ubora wenyewe huo."

"Kimekaza kupita kiasi. Mwambie mashine yake ya kupigia vifungo imeshuka mno."

"Mei you!" laoban akajibu mwenyewe, akipunga mkono. Hakuna kitu kama hicho.

"Dada, usimchokoze huyu," dalali akaninong'oneza. "Kontena linafungwa keshokutwa. Chukua mzigo twende zetu. Kule nyumbani nani atakagua?"

"Kiuno cha mteja ndicho kitakachokagua," nikamwambia.

Sasa, mimi mashine ya namna ile niliijua kabla sijajua kusuka nywele. Baba yangu alikuwa fundi bunduki wa kampuni ya uwindaji, na kazi yake mojawapo ilikuwa kujaza risasi upya. Ganda la shaba likishafyatuliwa huvimba, likakataa kuingia tena kwenye bunduki. Baba alilisukuma, kwa mashine ya mkono, ndani ya kalibu, yaani chuma chenye tundu la umbo la ganda lenyewe, likarudi kwenye kipimo. Mimi niliyafuta maganda na kuyapaka mafuta kidogo ili yasikwame. Mzungu aliyemwajiri alitaka kalibu ikazwe hadi mwisho, kila ganda lifinywe sana, liingie kwenye bunduki yoyote. Baba alikataa. Shaba ikifinywa kuliko inavyohitaji huchoka, na siku moja ganda hukatika karibu na kitako wakati jicho la mtu liko palepale. Yeye alilishika ganda juu ya mshumaa mpaka likashika masizi, akalisukuma, akatazama masizi yamefutika wapi, akaigeuza kalibu robo mzunguko, akarudia. Mwisho alilijaribu kwenye bunduki ileile litakamotumika. "Kila bunduki ina tumbo lake," alikuwa akisema.

Siku moja mzungu alimtishia kumfukuza kazi. Baba akaiweka spana mezani na kumwambia, kaza mwenyewe basi, kisha upige mwenyewe. Mzungu akaondoka. Nilikuwa na miaka kumi na nilicheka siku nzima.

Pale Xintang, mama aliyekuwa akipiga vifungo alikaa mbele ya mashine ya kukanyaga kwa mguu, kalibu ya juu imefungwa kwa nati. Nikamuuliza kwa ishara: asubuhi ulipiga nini? Akanionyesha rundo la suruali za kike, kitambaa laini. Basi, jibu lilikuwa hilo. Kalibu ilishushwa kwa ajili ya kitambaa chembamba, kisha kikaletwa changu kinene, na hakuna aliyeipandisha. Ilikuwa ikikiponda kifungo na kukikata kitambaa chini yake.

"Mwambie naomba spana."

"Bu xing!" Haiwezekani. Hilo halikuhitaji dalali.

Yule mama alikuwa amesimama kunipisha nitazame. Nikakaa kwenye kigoda chake. "Mwambie hivi: sichukui hata suruali moja mpaka nimeirekebisha mashine. Akitaka aite polisi. Mimi nimekaa." Viza yangu ilikuwa imebakiza siku tatu, na dalali alikuwa ameshaanza kuniangalia kama mgonjwa. Lakini nilikuwa nimekasirika, na hasira yangu huwa haina breki.

Laoban alifoka. Sijui alisema nini na sikutaka kutafsiriwa. Alipogeuka kumfokea dalali, yule mama mpiga vifungo aliingiza mkono chini ya meza na kuniwekea spana mapajani, macho yake yanatazama ukutani.

Kiberiti cha gesi cha laoban kilikuwa mezani, nikakichukua bila kuomba. Nikashika kifungo kwa plaizi juu ya moto mpaka uso wake ukawa mweusi, nikakiacha kipoe, nikakiweka kwenye mashine na pande la kitambaa changu, lililokunjwa kama kiunoni, nikakanyaga. Masizi yakafutika uso mzima, katikati kukabonyea. Nikalegeza nati, nikapandisha kalibu robo mzunguko. Kifungo kingine. Bado. Robo nyingine. Safari hii masizi yalifutika pembezoni tu, duara jembamba, na katikati kukabaki kweusi vilevile. Nikakifuta: hakina ufa. Nikampa laoban.

Alikizungusha. Alikivuta kwa plaizi mpaka jivu la sigara likamwangukia viatuni. Kisha akamwambia neno moja yule mama, naye akakaa kwenye kigoda chake na kuanza kazi.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe laoban alitaka zile zilizokwisha kupondwa, karibu nusu ya oda, ziingie kontenani pamoja na nzima. Nikazitoa moja moja na kuzitupa sakafuni mbele yake. Dalali alininunia ndani ya basi mpaka Zhanqian Road, Guangzhou mjini.

Mzigo ulipofika Arusha, shemeji alikuja dukani na wazee wawili kuushuhudia. Akahesabu marobota kwa kidole. "Nusu? Si nilisema? China imekushinda."

Nikafungua robota, nikamtupia suruali. "Ng'oa kifungo."

Alivuta kwa vidole. Akavuta kwa ngumi. Akakanyaga mguu mmoja wa suruali, akakishika kifungo kwa mikono miwili na kuvuta huku ameinama, jasho linamtoka, mpaka mzee mmoja akaanza kucheka na wa pili akatafuta pa kukaa.

"Endelea tu, shemeji," nikamwambia. "Ndege yangu ni mwezi ujao. Muda ninao."