Mume Wangu Anaamini Maandishi ya Kompyuta, Mimi Haniamini

Bwana asifiwe, wapendwa. Jina langu lifichwe tafadhali, na Ruth nitakayemtaja hapa si jina la kweli la binti yangu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, niliishia darasa la saba, na tunakaa huku upande wa Kariandusi. Mume wangu alipoteza kusikia baada ya homa kali, nikiwa bado nambeba Ruth mgongoni. Tangu hapo mimi ndiye masikio yake, yeye anasoma midomo yangu. Hata runinga tulikuwa tunaangalia hivyo: mimi natazama kioo, yeye ananitazama mimi, namrudishia maneno polepole. Nilikuwa naipenda sana hiyo saa yetu, nisiwadanganye.

Mwaka huu Ruth, ambaye anafanya kazi kwa saiba, duka la intaneti, huko Nakuru mjini, alituletea kompyuta kuukuu na sidii za drama moja ya Kiswahili tuliyokuwa tukiifuata kwa runinga zamani. Akabonyeza mahali, maandishi ya Kiingereza yakatokea chini ya picha. Baba yake Kiingereza anakisoma vizuri. Alicheka mpaka akashika mbavu, na mimi bado sijafungua mdomo. Ruth akanitania, "Mathe, umefutwa kazi!" Nikacheka pia, nikamshukuru Mungu.

Kisha tukafika pale mama wa kwenye drama anamfukuza mwanawe. Mume wangu akasimamisha picha.

"Mama Ruth, hapa imeandikwa, 'Wewe si mtoto wangu tena.' Wewe zamani uliniambia mama amemsamehe."

"Si ni mchezo tu, Baba Ruth. Sikutaka uumie."

Nililainisha kwa sababu yeye na mamake walikosana aliponioa mimi, wakakaa miaka bila salamu. Mama alipozidiwa na ugonjwa alituita. Alikuwa amelala akiangalia ukuta, sauti imekwisha, midomo yake haionekani. Nikainama nikamsikiliza, nikageuka nikamwambia mume wangu, "Amesema anakubariki, wewe na nyumba yako." Alilia kama mtoto. Kutoka siku hiyo alikuwa mtu mwepesi, hata kanisani aliimba na hasikii.

Sasa akaniangalia, macho mekundu. "Na mama je? Alisema, ama ulinitengenezea?"

Wapendwa, mama alisema. Ya drama nilibadilisha, kweli, lakini ya mama sikuongeza hata neno moja. Nilichukua Biblia nikaishika mbele yake. Akasema, "Weka chini. Wewe unaweza kushika hata Biblia kwa kunihurumia. Nakujua."

Siku hizi mhubiri akiongea hanitazami. Nyumbani nikianza kusema, anageuza uso kwa kompyuta, na akigeuza uso mimi sina sauti nyingine. Mle chumbani mwa mama siku ile tulikuwa watatu tu, na mmoja tumeshamzika. Nishaurini, ndugu zangu. Nitamfikishiaje baraka ya mamake mara ya pili?