Nilivyojifunza kuputi kwa rula ya skrini, nikakosa shimo moja makusudi mbele ya baba mkwe, nusura posa ife

Wakuu, habari za mchana.

Naandika nikiwa Soni, mvua imenifungia ndani tangu asubuhi. Karoti ziko shambani, mimi niko na simu na chai ya tangawizi. Ninayosimulia yamenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi. Asiyeamini apande huku nimpeleke kwa mzee mwenyewe, ila ajiandae kuulizwa maswali.

Mimi ni mkulima wa mboga. Karoti, hoho, kabichi. Kwa wasiopajua huku, mashamba yetu yamesimama wima. Ukidondosha kabichi juu, unaenda kuiulizia kwa jirani wa chini. Nusu ya kazi yangu ni kuchimba mifereji na kuyaleta maji kutoka kijitoni mpaka kwenye matuta, kwa hiyo mteremko tunausoma kwa macho tu.

Golf yenyewe sijawahi kuiona kwa macho. Huo uwanja wangeuweka wapi? Ukipiga mpira hapa Soni unaenda kuuokota Mombo, bondeni kabisa.

Sasa nilifikaje kwenye golf ya mtandaoni? Mapenzi, wakuu.

Nina mchumba wangu, nimwite Neema, mwalimu wa shule ya msingi. Baba yake, nimwite Mzee Shemweta, anakaa Lushoto mjini. Ni mpima ardhi mstaafu. Amepima mipaka ya watu maisha yake yote, na huyo ndiye mtu niliyempelekea barua ya posa.

Barua aliipeleka mjomba wangu Hoza, ndiye mshenga. Mzee akaisoma, akaikunja, akasema atajibu.

Miezi minne. Kimya.

Mimi nikaanza kukonda. Neema ndiye aliyenieleza kisa. Dada yake mkubwa aliolewa mbali, na mume wake kila akipigiwa simu anajibu "tuko salama, baba, hakuna shida". Salama, salama, salama. Mpaka siku dada mtu aliposhuka kwenye basi na mabegi mawili na jicho limevimba. Tangu hapo mzee hataki kusikia habari ya mkwe. Hakuwa ananikataa mimi, alikuwa anaogopa.

Neema akaniambia, "Baba tangu aumie nyonga hatoki. Anashinda na tablet aliyotumiwa na kaka, anacheza gemu la golf. Nenda mkacheze, akujue."

Nikapakua siku hiyo hiyo.

Wakuu, mipira ya mbali ni rahisi, unapiga tu. Shughuli iko kule mwisho, kwenye zile nyasi fupi zenye shimo. Kuputi, yaani kuusukuma mpira taratibu uingie shimoni. Hapo ndipo wanaume wanalia.

Ukifika pale, gemu linakuchorea miraba juu ya nyasi, na kwenye mistari vinatembea vidoti vyeupe. Vikijikongoja, mteremko ni mdogo. Vikikimbia, mteremko ni mkali.

Nilipoviona nilicheka peke yangu. Nikasema haya si maji? Si mfereji wangu huu? Hapa wameingia choo cha kike, mimi ndiye mwenyewe!

Wiki tatu sikupata hata shimo moja la maana.

Kwa nini? Kwa sababu ya ukulima. Mimi nimezoea kuyasindikiza maji yanakokwenda. Vidoti vikienda kushoto, na mimi nalenga kushoto. Mpira unakwenda kushoto, halafu mteremko nao unausukuma kushoto zaidi, unapotelea huko. Nikautukana mtandao, nikaitukana simu, nikataka kufuta gemu.

Siku moja niko kwenye banio, pale tunapoyachepusha maji ya kijito, ndipo akili ikanijia. Tuta liko chini, lakini banio nimeliweka juu! Maji nayafungulia juu yashuke yenyewe. Kumbe unalenga upande vidoti vinakotoka, mteremko unakuletea mpira shimoni.

Niliacha jembe palepale nikajaribu. Ukaingia. Nilipiga kelele mpaka mama wa shamba la jirani akauliza kama nimeumwa na nyoka.

Bado tatizo la nguvu. Kwenye lile gemu unavuta kidole nyuma, na kadiri unavyovuta ndivyo mpira unavyokwenda mbali. Nilikuwa nakadiria, leo unapita, kesho unaishia njiani. Nikaazima futi ya fundi cherehani nikaibandika pembeni ya skrini kwa selotepu. Ilisaidia, ila fundi alikuja kuidai akiwa na mteja amesimama nusu amepimwa.

Ndipo nikapata app ya rula. Hii inaelea juu ya skrini, unaiona huku gemu linaendelea. Unaiweka kwenye mpira, unavuta kidole, unasoma sentimita. Nikafungua daftari. Sentimita moja mpira unafika wapi, mbili unafika wapi. Vidoti vinavyojikongoja nalenga mraba mmoja juu, vinavyokimbia mitatu. Shimo likiwa mlimani naongeza nusu sentimita, likiwa bondeni napunguza.

Baada ya wiki mbili nilikuwa mtu mwingine.

Jumapili moja baada ya ibada nikapanda Lushoto. Shikamoo baba, marahaba, basi. Nikakaa ukingoni mwa kiti. Nikamwambia nimesikia anacheza golf. Akaniangalia kama naomba kura, halafu akanisogezea tablet.

Nikatoa daftari langu kwa majivuno, nikapakua ile rula kwenye tablet yake. Nikaweka rula. Nikavuta sentimita tatu kama daftari lilivyosema.

Mpira ukatambaa, ukasimama hata nusu ya njia haujafika.

Mzee akacheka. Neema anasema hakuwa amecheka hivyo tangu dada yake arudi. Akaniuliza, "Hizo namba ulipimia wapi?" Nikasema kwenye simu yangu. Akasema, "Kijana, kila ramani ina skeli yake. Simu ni simu, hii ni tablet. Pima upya."

Tukapima upya, wawili, daftari jipya. Mzee akavaa miwani, akachonga penseli. Kuanzia hapo kila Jumapili niko Lushoto. Tunapokezana tablet, yeye anapiga, mimi napiga. Anashinda, nashinda. Siku nyingine ananisimulia alivyopima mashamba huko Rangwi, watu wawili wanagombea hatua moja ya ardhi mpaka wanavuana mashati.

Na hatimaye, wakuu, akasema lile neno. "Mjomba wako aje Jumamosi, si hii, ile inayofuata. Nitamjibu."

Nilirudi Soni naimba.

Hapa ndipo akaingia Mjomba Hoza na ushauri wake. Akaniuliza Jumapili hii, kabla ya Jumamosi yenyewe, nitacheza tena na mzee? Nikasema ndiyo. Akashika kichwa. "Na huwa unamshinda?" Nikasema mara nyingine. Akaninong'oneza kama tuko msibani, "Wewe una akili? Baba mkwe unamshinda nyumbani kwake, mbele ya binti yake, wiki ya kujibu posa? Jumapili hii upigwe! Tena upigwe vizuri, mzee alale amefurahi."

Na ninyi mnajua malezi yetu. Huku mkwe unamkwepa hata njiani, unampisha, humwangalii usoni. Nikaona mjomba ana hoja.

Jumapili ikafika. Tukacheza mpaka shimo la tisa tukiwa sawa. Mzee akamaliza. Nikabaki mimi na puti moja fupi, hata mtoto angeiingiza. Nikiingiza nimeshinda. Vidoti vinakwenda kushoto, polepole.

Nikalenga kushoto. Miraba minne.

Mpira ukaenda zake mbali, kuurudisha kukanigharimu mapigo mawili, mzee akashinda. Nikapiga paja, "Aaah! Nimeukosa!" Nikamgeukia, "Hongera baba, leo umenipatia."

 Mzee akabonyeza replay, pigo langu likarudiwa. Akaangalia. Akabonyeza tena. Akaanza kuhesabu miraba kwa ncha ya penseli: moja, mbili, tatu, nne.

Akasema, "Maji yanakwenda kushoto. Wewe unayeishi kwa mifereji umelenga kushoto miraba minne. Rula umeiweka, daftari liko wazi. Umekosea au umeniachia?"

Wakuu, ningesema ukweli palepale yangeisha. Mimi nikajibu, "Nimekosea tu, baba. Hakuna shida."

Hakuna shida. Maneno yale yale ya yule mume wa dada yake Neema.

Niliona uso wake unafunga. Akazima tablet, akaiweka chini. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Leo umeniachia mchezo ili nifurahi. Kesho binti yangu ataumwa, utaniambia mzima ili nifurahi. Mwambie mjomba wako Jumamosi asijisumbue."

Nilinyanyuka nikatoka. Neema alinifuata mpaka getini. Nilidhani anakuja kunituliza. Akaniambia, "Umempa baba kile kile anachokiogopa," akageuka akarudi ndani. Nililia, sioni haya kusema. Mtu mzima nalia kwenye bodaboda, dereva anajifanya haoni.

Mjomba nilipomweleza akasema labda ungekosa kwa miraba miwili, mzee asingegundua. Nikamwambia mjomba, naomba unyamaze.

Siku tatu nikawa sipokelewi simu. Si baba, si binti. Siku ya nne, niko shambani, nikamtumia mzee mwaliko wa mechi kupitia gemu. Sikuandika neno. Ningeandika nini?

Saa mbili zikapita. Napalilia, naangalia simu. Napalilia, naangalia simu. Nikang'oa karoti nzima nikidhani ni magugu.

Mara ikalia. Amekubali.

Nikapanda mbio mpaka juu ya shamba kwenye mtandao, mikono ina udongo, nikaifuta kwa shati. Yeye Lushoto, mimi Soni, tukacheza. Na mzee siku hiyo alikuwa hatanii, alicheza kama anagombea kiwanja chake mwenyewe.

Shimo la tisa, tuko sawa tena. Yeye amemaliza. Nimebaki na puti ndefu, ya pembeni mwa mteremko, vidoti vinakimbia kuelekea kushoto. Hii mtu yeyote angeweza kuikosa kihalali.  Nikishinda, labda ndiyo namuudhi kabisa. Nikikosa, ataamini nimemwachia tena.

Nikaweka rula. Nikahesabu miraba. Nikavuta kidole taratibu, nikaachia.

Ukapanda kulia, ukageuka, ukashuka, ukaingia.

Nimemshinda baba mkwe kwa pigo moja.

 Nikakaa chini kwenye udongo. Baada ya dakika tano akapiga simu. Nikasimama kupokea, sijui kwa nini, haoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ile ya mwisho umelenga miraba mingapi?"

"Mitatu kulia, baba."

"Mimi nimehesabu mitatu na nusu."

Hapo, wakuu, mtihani. Mjomba Hoza angesema kubali, nusu mraba ni kitu gani? Nikamjibu, "Samahani baba, ilikuwa mitatu. Ingekuwa na nusu, ungepita pembeni. Na Jumapili nilikuachia. Nilikudanganya. Naomba unisamehe."



"Mwambie mjomba wako aje Jumamosi," akasema. "Ila aje asubuhi, mchana nina mechi."

Tumeoana, wakuu. Rula tumia, ni halali, gemu halikatazi. Anza kwa kupima kwenye skrini yako mwenyewe, usikopi namba za mtu, na lenga vinakotoka vidoti. Hayo ya kuputi. La mkwe nililojifunza ni moja: ukishaonekana unajua kupima, usijifanye umekosea.

Wenye njia bora ya zile puti za kushuka bondeni wekeni hapa, maana huko bado nateseka. Na kama wewe uliwahi kumwachia mkwe mchezo, bao, draft, chochote, sema yaliyokukuta, tusichekwe peke yetu.

Mimi mzee wangu nikimshinda ananuna mpaka jioni, na sijamwachia tena hata mara moja.