Mwalimu Aliyemrudisha Binti Uwanjani

Habari ilinikuta juzi dukani, Malindi, nikinunua mkate: yule mwalimu wa michezo amefariki kwao bara, alikorudi baada ya kustaafu. Nilitoka nikasahau mkate wenyewe. Wasomaji wangu vijana hawatamjua, lakini sisi wa miaka ya themanini tulimjua kwa firimbi yake na kwa sauti iliyousumbua mtaa kila alasiri, akiwafundisha wasichana netiboli kwenye uwanja wa mchanga. Nilimpenda kwa ubishi wake kabla sijampenda kwa wema.

Jirani yangu alikuwa na binti wa kidato cha kwanza, aliyedungwa sindano za ugonjwa wa sukari kila siku tangu utotoni. Mtaani alitunzwa kwa namna tuliyoijua: akae, apumzike, na halua ifichwe apitapo. Mwalimu hakubishana na mtu. Alimwendea daktari akamuuliza. Akaambiwa kwamba sukari ikizidi mwilini kwa miaka huikakamaza mishipa ya damu, na hali hiyo huanza hata ujanani, lakini mazoezi huisaidia mishipa ibaki laini, mradi mtoto ale kwanza na asikose kitu kitamu karibu. Mama mtu akaridhia shingo upande, binti akaingia timu.

Kwenye mashindano ya Kilifi binti akaanza kutetemeka, jasho jembamba likimtoka, maneno hayashikamani. Mwalimu akamkimbilia na soda. Shangazi yake binti, aliyekuja kushangilia, akaipokonya chupa. "Wacha! Huyu ana sukari, mwataka kumuua?" Watu wakamwunga mkono. Mwalimu akaichukua tena kwa nguvu, akamnywesha fundo kwa fundo. "Sukari imeshuka, shangazi. Sasa hivi hii ndiyo dawa." Muda si muda binti akauliza nani anaongoza. Hata hivyo, jioni ile mama alitangaza kwamba mambo ya uwanja yamekwisha.

Kesho yake mwalimu alibisha hodi kwa jirani, nami nikaitwa nikae nao, kama ilivyo kwetu jambo likiwa zito.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama ni mpira, mwalimu, usijisumbue."

"Sikuja kuomba mpira. Nimekuja tufundishane dalili zake. Mimi nina za daktari, wewe una zako, maana ndiwe uliyemlea."

Mama akaanza kuzitaja: sukari ikimshuka huwa mkali bila sababu, hukosa shabaha, hupiga miayo. Mwalimu alisikiliza mpaka chai ikapoa.

Mechi iliyofuata mama alikuja na tende. Binti alipokosa mpira mwepesi, mama akapaza sauti mchezo usimamishwe, akamlisha, akamkazia macho mpaka mikono ilipotulia. Tulidhani atamshika mkono waende nyumbani. Akamfuta mdomo kwa ncha ya leso, akasema, "Haya, rudi ukacheze."

Binti yule sasa ana mabinti zake, na anakwenda kwa miguu yake mizima, ambayo sukari huwanyang'anya wengi. Nasema hivi kwa wazazi wote: kumfungia ndani mtoto mgonjwa ni rahisi. Marehemu alituonyesha kwamba mapenzi yana kazi kubwa kuliko hiyo, kuujua ugonjwa wa mtoto mpaka uthubutu kumwachia akimbie.