Mkono wa Fundi

Mwaka ule wa hamsini na sita, fundi cherehani jirani yetu hapa Gisenyi aliwashonea Wazungu kaptura za kuotea jua ziwani, mwenyewe akiwa ndani ya makoti mawili. Kila akimaliza mshono aliikumbatia pasi ya makaa. Uso ulimvimba, nyusi zilipukutika, na sauti ilimtoka nzito, polepole, kama ya mtu aliyeamshwa sasa hivi. Muuguzi wa zahanati alimpima, zebaki ikakataa kufika hata mstari wa kwanza. Akakikung'uta kipimajoto, akampima tena.

"Kipimo imeharibika," akasema. "Homa haiko. We uko muzima." Na karatasini akaandika: mzima.

Basi sisi akina mama tukaugeuza mkono ule baridi kuwa dawa. Mtoto akichemka kwa malaria, tulimpeleka kwa fundi amshike paji la uso. Hakumkataa hata mmoja. Joto lao lilimfaa. Masika yalipofika akaletwa muuguzi mwenyewe, anatetemeka, macho mekundu. Fundi akamwekea kiganja.

"Iko homa mingi?" muuguzi akauliza.

Fundi akafikiri, polepole kama kawaida yake. "Sijui, Muganga. Labda mukono yangu imeharibika."