Kulabu Isiyoshika Kutu

Miaka ya themanini nilichimba dhahabu Geita, katika shimo lenye maji makali yanayokula chuma. Kiti cha kunipandisha kilining'inia kwenye kulabu mbili tulizozifunga siku ile ile: moja ya chuma kitupu, nyingine iliyopakwa mchanganyiko wa zinki na nikeli, ambayo shemeji yangu aliitafuta mpaka Shinyanga mjini.

Siku moja, nikiwa katikati ya shimo, ile ya chuma kitupu ikakatika. Kiti kikalala upande. Nikakumbatia kamba.

“Shemeji, usijitikise,” shemeji yangu akaniita kutoka juu, kwenye winchi. “Hiyo nyingine haijaliwa na kutu.”

Akazungusha winchi taratibu. Sikuthubutu hata kukohoa.

Nilipotoka, niliketi kando ya shimo. Shemeji akaketi karibu yangu.

“Hushuki tena mpaka nipate kulabu ya pili kama hiyo iliyokushika,” akasema.